Paka Mzee Akikojoa Ghalani, Usikimbilie Gunia

Ndugu mkulima, katika kurasa hizi umezoea kusoma habari za ng'ombe wa maziwa, mahindi, viazi na pareto. Mwezi huu nataka kusema nawe habari za paka. Najua wengine watacheka na kuuliza, "Je, huyu bwana amekosa la kuandika?" Lakini kabla hujacheka, ingia kwanza ghalani mwako, uhesabu magunia uliyoyaweka baada ya mavuno, kisha ujiulize ni nani anayeyalinda usiku wakati wewe umelala. Si wewe, wala si mbwa. Ni paka, naye hapati mshahara.

Shauri langu ni hili. Paka aliyezeeka akianza kukojoa mahali pasipofaa, au akienda kukojoa mara nyingi kupita kawaida, au akichutama bila kutoa kitu, huo si utundu wala si uchafu, na uchawi haumo kabisa. Aghalabu ni ugonjwa. Na desturi yetu ya kumtia paka wa namna hii ndani ya gunia na kwenda kumtupa karibu na soko ni desturi mbaya, tena ni ya hasara.

Nasema "desturi yetu" kwa sababu na mimi nimo. Baba yangu alipata shamba letu hapa Lugari mwaka 1965, akalilipia mkopo wake kwa mahindi na maziwa, nami nimekulia katika shamba hilo. Katika miaka yote hiyo sikumbuki hata mara moja paka mzee aliyekufa nyumbani kwetu kwa amani. Ama alipotea, ama alipotezwa.

Baadaye nikawa na dume langu mwenyewe, rangi ya majivu, tuliyemwita Askari. Alikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Jumatatu moja jioni binti yangu akaniambia, "Baba, Askari anachutama kila mara nyuma ya tangi, na analia." Nikatoka nikamwangalia. Kweli alikuwa akichutama, akijikamua, akisogea hatua mbili, kisha akichutama tena. Nikasema kwa ujuzi wangu wote, "Huyu amefunga choo." Nikamnywesha kijiko cha mafuta ya kupikia. Jumanne alikataa chakula na kutapika, akawa anajilamba chini ya mkia bila kupumzika. Binti yangu akataka tumpeleke mjini. Nikamwambia tungoje Alhamisi, siku ya soko, ili safari iwe moja. Jumatano usiku mwili wake ulikuwa baridi, na kulipokucha alikuwa amekufa.

Wiki mbili baadaye daktari wa mifugo alikuja kumtazama ndama, nami nikamsimulia habari hiyo kama mtu anayepitisha wakati tu. Akaniuliza swali moja: "Mkojo ulikuwa ukitoka?" Sikuwa nimetazama. Akasema, "Basi hakufunga choo. Alifunga mkojo."

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo hili, nami nalisema kila ninapopata nafasi, hata barazani. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, na karibu na mwisho wake huzidi kuwa nyembamba. Ute na chembechembe zilizo kama mchanga laini zikishikana humo, au kijiwe kikikwama, mlango umefungwa. Kibofu hujaa mpaka kikawa kigumu kama chungwa. Sumu ambayo figo zilikuwa zikiitoa mwilini hurudi katika damu, na pamoja nayo madini ya potasiamu, ambayo yakizidi huusimamisha moyo. Toka kufunga hadi kufa zaweza kuwa siku mbili au tatu tu. Kwa hiyo hapana habari ya kungojea soko. Dume anayejikamua na mkojo hautoki ampasa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo, kama vile ambavyo ungemwita mtu kwa ng'ombe ambaye ndama amekwama tumboni mwake. Daktari humpa dawa ya usingizi, akapitisha mrija mwembamba, akamtoa mkojo na kumtia maji mishipani. Wewe usijaribu kumbinya tumbo ili mkojo utoke. Kibofu kilichojaa hivyo hupasuka.

Lazima niseme kwa haki kwamba balaa hili huwapata madume wa umri wa kati kuliko wazee. Lakini wazee hawakusamehewa, nao wana matatizo yao mengine, ambayo huja polepole na kwa sababu hiyo hayaonekani.

Ili kuyaelewa yafaa kujua paka ametoka wapi. Paka wetu wa nyumbani ni wa ukoo wa paka mwitu wa Afrika, yule ambaye hata leo hupatikana katika nyika za nchi yetu. Ni mnyama wa nchi kavu. Maji yake mengi huyapata katika nyama ya windo lake, maana mwili wa panya, kama miili ya wanyama wengi, ni maji kwa kiasi cha asilimia 70 hivi. Mungu amempa figo zenye nguvu ya kuukaza mkojo usipoteze maji. Kiu yake, kwa hiyo, ni ndogo. Ng'ombe akikosa maji utasikia kelele zake mpaka barabarani, lakini paka hukaa kimya.

Sasa mtazame paka huyo akifika miaka 12. Kwa umri wa binadamu yeye ni mzee wa miaka 60 na zaidi. Meno yameoza, viungo vimekakamaa, hawezi tena kumrukia panya kila usiku. Kwa hiyo hali windo lenye maji. Hula makombo ya ugali uliokauka, au omena kavu, au chakula kikavu cha dukani ambacho ndani yake karibu hamna maji kabisa. Na maji ya kunywa hapewi, kwa kuwa tumezoea kusema kwamba paka hunywa maziwa. Hapo figo zilizochoka hutakiwa kufanya kazi ileile ya ujanani kwa maji machache zaidi.

Ugonjwa wa figo ni wa kawaida sana kwa paka wazee. Ubaya wake ni kwamba dalili hazianzi kuonekana mpaka sehemu kubwa ya nguvu ya figo imekwisha kupotea, kiasi cha theluthi mbili. Ndipo figo hushindwa kuukaza mkojo, na paka huanza kukojoa mkojo mwingi, mweupe kama maji, na kunywa sana ili kurudisha anayopoteza. Hukonda, manyoya husimama ovyo, pumzi hunuka, hamu ya chakula hupungua, na wengine hutapika asubuhi.

Mambo haya niliyaona kwa Pusi, paka wa mama yangu. Alikuwa na miaka 13. Tulianza kumwona akinywa katika ndoo ya ndama, kisha katika sahani ya kuku, kisha akilamba bomba la tangi. Hakuna aliyejali. Mama alisema ni joto la Januari. Halafu akaanza kukojoa ghalani, kwenye pembe, juu ya magunia yenyewe. Hapo watu wakajali! Ndugu yangu mdogo alikwisha kulitafuta gunia na kamba, na mwenye pikipiki alikwisha kuitwa.

Nikamwomba ndugu yangu anipe siku mbili. Tulimweka Pusi katika kikapu, tukakitundika kwenye mizani ile ya kupimia maharagwe. Tukatoa uzito wa kikapu, akabaki kilo 2.6. Daktari alituambia baadaye kwamba paka wa umbo lake angalikuwa na kilo 3.5. Amepungua robo ya mwili wake. Fikiri, ndugu mkulima, kama ng'ombe wako wa kilo 400 angepungua kilo 100 mbele ya macho yako, ungesema ni joto la Januari? Paka hufichwa na manyoya yake. Mpime kila miezi mitatu, na uzito uuandike ukutani kwa makaa kama huna daftari. Ni kazi ya dakika tano.

Daktari alimpima damu na mkojo. Alisema ni figo, na kwamba figo zilizokufa hazifufuki, lakini paka wa hali hiyo aweza kuishi miezi mingi, pengine na miaka, akitunzwa. Nilipenda ukweli wake. Hakutuuzia chupa za dawa tusizozihitaji. Alitufundisha kumpa maji safi katika mahali pawili au patatu, mbali na chakula chake na mbali na anapojisaidia. Kumpa chakula chenye majimaji. Na kupunguza omena, kwa sababu omena huliwa pamoja na mifupa yake na mifupa ina fosforasi nyingi, ambayo figo mgonjwa hushindwa kuitoa. Basi mama akawa anampa vipande vya nyama vilivyochemshwa na supu yake isiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa paka, hili nalo sikulijua), pamoja na yai lililoiva. Chakula maalum cha paka wenye figo kinauzwa mijini, lakini bei yake si ya mtu wa ekari tano.

Kuhusu maji, paka huhitaji kiasi cha mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ukihesabu na yaliyo ndani ya chakula. Kwa paka wa kilo 4 hayo ni mililita 200, yaani hayajazi chupa ndogo ya soda. Hakuna mkulima katika skimu hii asiyeweza kutoa maji kiasi hicho, hata mwezi wa Februari visima vikiwa chini. Na maziwa? Mpe kidogo akipenda, lakini ujue kwamba paka wengi wakubwa huharishwa na maziwa, na anayehara hupoteza maji. Maziwa hayawezi kushika nafasi ya maji.

Sasa nitakuambia namna ya kuujua mkojo wa paka bila kumfuata kichakani usiku. Chukua sanduku la mbao la kimo cha chini, au karai kuukuu, ulijaze majivu makavu au mchanga, uliweke pembeni mwa ghala. Paka hupenda kufukia mkojo wake, naye atalitumia. Kila asubuhi tazama madonge. Paka mzima hukojoa mara mbili mpaka nne kwa siku. Ukiona madonge makubwa na mengi, fikiri habari za figo, au kisukari, ambacho huwapata na paka pia. Ukiona madonge madogo madogo kama punje za njugu, au matone yenye damu, hiyo ni habari ya kibofu: huenda ni vijiwe, au vijidudu vimeingia, na hivi huwapata hasa majike wazee. Na usipoona donge lolote kwa siku nzima, na paka ni dume, nimekwisha kukuambia la kufanya.

Sanduku hili lina sharti lake. Kinyesi cha paka chaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa uitwao toksoplasmosi, ambao huweza kudhuru mimba ya mwanamke, na hata kutoa mimba za kondoo na mbuzi. Huanza kuwa na nguvu ya kuambukiza baada ya siku moja au zaidi. Kwa hiyo majivu yaondolewe kila siku na kufukiwa, na anayeyaondoa asiwe mwanamke mwenye mimba, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni. Wala usiyatupe majivu hayo penye majani ya mifugo.

Si kila paka anayekojoa ndani ana ugonjwa wa mkojo. Jirani yangu mmoja alikuwa karibu kumtupa paka wake, kumbe viungo vilikuwa vimemkakamaa tu. Ghala limejengwa juu ya nguzo, kama tunavyofundishwa, na nguzo zina vizuizi vya bati ili panya wasipande. Paka alikuwa akiingia na kutoka kwa kuruka dirishani. Alipozeeka aliweza kuingia kwa kuangukia magunia, lakini kuruka kurudi juu hakuweza. Angekojoa wapi? Jirani aliweka ngazi ndogo ya kreti mbili kwa ndani na ubao wa kushukia kwa nje, anaouondoa jioni ili panya wasiufanye daraja, na mambo yakaisha. Hakutumia hata shilingi moja.

Pia kuna paka anayekojoa damu kwa sababu tumemtilia sumu sisi wenyewe. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu isigande. Panya huila, huzunguka siku kadhaa akiwa mlegevu, na paka humkamata kwa urahisi. Akila panya wa namna hiyo mara kwa mara, paka naye huanza kutoka damu, puani, fizini au katika mkojo. Mkulima anayetandaza sumu ghalani huku amefuga paka ni kama mtu anayeajiri mlinzi kisha akamtegea mtego mlangoni. Chagua moja. Ukilazimika kutumia sumu, mfungie paka nyumbani, okota mizoga yote na kuifukia. Na daktari akikuuliza kama umetumia sumu, mwambie kweli na umpe karatasi ya dawa, kwa maana ipo tiba yake, vitamini K, iwapo ameletwa mapema.

Dawa ndilo jambo linalonitia uchungu kuliko yote. Mtu akimwona paka ana maumivu, humpa kidonge chake mwenyewe. Paracetamol humwua paka. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha, kwa kuwa ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo, na damu yake huwa rangi ya udongo isiweze kubeba hewa. Ibuprofen na diclofenac huziua figo zilezile unazotaka kuziokoa. Wengine huchukua mabaki ya sindano ya ng'ombe wakampiga paka. Kumbuka ng'ombe wa kilo 400 ni mara mia ya paka wa kilo 4. Na zaidi ya hayo, dawa kama streptomycin, iliyomo katika chupa nyingi zilizo rafuni mwako, pamoja na gentamicin, huumiza figo. Huwezi kujua kama ni vijidudu, au vijiwe, au figo, kwa kumtazama tu machoni. Mkojo hupimwa.

Najua pingamizi lako, ndugu mkulima, maana nimelisikia mara nyingi. Wasema, "Paka ni wa bure. Kwa jirani kuna watoto sita, nichukue mmoja, kwa nini nilipe daktari?" Hilo ni neno la mtu anayefanya hesabu, nami naliheshimu. Lakini hesabu yako haijakamilika. Mtoto wa paka wa miezi miwili hakamati panya. Hujifunza kwa mama yake, na ukimchukua mapema kwa mtu asiyekuwa na paka mwindaji, utalisha mdomo mmoja zaidi na panya watacheza. Paka mzee akiwa bado yupo, hata kama kasi imemwisha, harufu yake na kuwapo kwake katika ghala kuna kazi, na anaweza kumlea kijana. Tena siku hizi wengi wetu tunaweka mahindi katika magunia yasiyopitisha hewa, ambayo hayataki dawa ya wadudu. Tundu moja la jino la panya katika gunia hilo, na hewa imeingia, na fukusi wameamka. Gunia hilo lina bei, na mahindi yaliyomo yana bei.

Wengine husema paka akilishwa hawindi. Hilo halina ukweli. Mwaka 1953 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Charles Elton, aliandika juu ya paka wa mashamba ya huko Oxfordshire. Aliona kwamba paka peke yao hawakuweza kumaliza panya waliokwisha kujaa shambani. Lakini panya wakiisha kuondolewa kwa njia nyingine, paka waliweza kuwazuia wasirudi karibu na majengo, mradi wapewe chakula nyumbani, wakati ule maziwa, ili wasizurure mbali. Paka mwenye njaa huondoka. Kwa hiyo usitarajie paka akufanyie kazi ya kufagia ghala, kuziba mashimo na kukata majani kuzunguka nguzo. Hiyo ni yako. Lakini usimnyime chakula ukidhani unamnoa.

Hata hivyo sitakuambia umuuze mbuzi kwa ajili ya paka. Kuna mambo mengi yasiyotaka fedha: maji, sanduku la majivu, mizani, ubao wa kushukia. Kuhusu yanayotaka fedha, uliza bei kabla ya matibabu, wala usione haya. Na ikiwa huwezi, au ikiwa daktari amesema hapana tumaini, mwombe amlaze paka wako kwa sindano. Gharama yake si kubwa kama ya matibabu, na yule mnyama hasikii maumivu. Hilo ni jambo la utu. Kumtupa ni jambo jingine. Sheria ya nchi ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inasema kumtesa mnyama ni kosa, nayo haikuweka paka kando. Tena paka mgonjwa aliyetupwa sokoni, asiyechanjwa, huishi kati ya mbwa wa mitaani na aweza kupata kichaa cha mbwa na kukipeleka kwa watoto. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huo kufikia mwaka 2030. Hatutafika huko kwa magunia yanayofunguliwa usiku kando ya barabara.

Na kwa maofisa wa mifugo nina neno dogo, kwa heshima. Mkulima akija na paka ndani ya kikapu, msimcheke. Nimeona mama mmoja akichekwa mbele ya watu kwa sababu ya kuuliza habari ya paka, akafunika kikapu chake akaondoka. Mwaka ujao mama huyo hatauliza hata habari ya ndama.

Mahindi yaliyolowa mkojo wa paka usiyaanike na kuyarudisha. Yatoe pamoja na yale yaliyo jirani yake, uyafukie. Yaliyobaki yapime unyevu kabla ya kuyafunga tena. Yasizidi asilimia 13.5, la sivyo uvundo utaanza katika gunia moja na kuenea. Sakafu ioshe kwa maji na sabuni na kuikausha vizuri, maana paka hurudi penye harufu yake.

Pusi aliishi miezi 14 baada ya siku ile ya mizani. Hakurudia uzito wake wa zamani, ila hakukojoa tena juu ya magunia, kwa kuwa sanduku lilikuwa karibu. Alimlea binti yake, paka mweusi mwenye mguu mmoja mweupe, mpaka akajua kungoja kwenye tundu bila kutikisa mkia. Mwezi wa Machi aliacha kula siku tatu, macho yakapanuka, na tulipompungia mkono mbele ya uso hakupepesa. Daktari alisema shinikizo la damu limepofusha macho yake, jambo linalowapata paka wenye figo mbovu. Alimlaza kwa sindano uani, mama akiwa amemshika kichwa. Ndugu yangu, yule wa gunia, ndiye aliyechimba shimo chini ya mparachichi.

Paka mweusi sasa ana miaka minne. Sahani yake ya maji iko kivulini chini ya tangi, na binti yangu huibadilisha asubuhi kabla ya kwenda kukamua.